Swichi Haijui Kiingereza

Nimechoka kuambiwa kwamba fundi wa mitandao lazima kwanza awe na Kizungu cha mapua. Kwani swichi ya Cisco inaongea Kizungu gani? Kuwasha poti iliyozimwa unaandika "no shutdown", yaani usizime! Kuingia kuisanidi ni "conf t". Stima ikipotea kabla hujaandika "wr", mipangilio mipya yote imeenda. Hata Mwingereza hujifunza hayo upya, kama sisi tu. Hizo ni amri, si lugha ya mama ya mtu. Basi mbona kijana akaririshwe maelezo asiyoyaelewa, halafu tuseme hana kichwa cha kompyuta? Amri ziacheni zilivyo. Sababu zake zielezeni kwa Kiswahili, hata kwa Sheng, bora mtandao ushike.