MCHEZA KWAO HUTUNZWA

Kila mwaka huko Marekani vijana wanaomaliza masomo ya sekondari huuliza swali moja: Je, kuwa mkazi wa jimbo kwamwongezea mtu nafasi ya kupokewa katika chuo kikuu cha jimbo hilo? Naam, kwamwongezea, hasa katika vyuo vya umma vilivyo mashuhuri. Katika vyuo vya watu binafsi jambo hilo halina uzito kama huo, kwani havikujengwa kuwa mali ya jimbo lo lote. Sisi twasema desturi hii ni ya haki. Lakini ni haki iwezayo kuuzwa, na hapo ndipo penye fundisho kwa wafanyakazi wa kila nchi.

Vyuo vya umma havikushuka kutoka mbinguni. Mwaka 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi Sheria ya Morrill, iliyoyapa majimbo ardhi, ama hati za ardhi, eka 30,000 kwa kila mjumbe wa jimbo katika Bunge la nchi. Mali hiyo iliuzwa, na fedha zake zikasaidia vyuo vya kilimo na ufundi kwa ajili ya tabaka la wafanyakazi. Wala tusisahau kwamba ardhi hiyo wenyeji wa asili walikuwa wamenyang'anywa. Tangu hapo mkulima na mfanyakazi wa jimbo wametoa kodi ya kuvitunza vyuo hivyo. Basi mtoto wao akitangulizwa mlangoni, hakupendelewa. Amepewa kilicho chake.

Majimbo yameilinda haki hiyo kwa njia mbalimbali. Mwaka 1986 vyuo vikuu vya umma vya North Carolina viliwekewa mpaka: katika kila wanafunzi wapya 100, wasizidi 18 watokao nje ya jimbo. Mwaka 1997 Texas ilipitisha sheria kwamba kijana aliye katika sehemu ya kumi ya kwanza ya darasa lake apokewe bila kipingamizi katika chuo cha umma cha jimbo. Chuo cha Austin kilifurika hata mwaka 2009 kikaruhusiwa kuwapokea vijana wa namna hiyo kwa robo tatu tu ya nafasi za wakazi. Hata hivyo sheria hiyo yatupendeza, kwani humtazama pia mtoto wa shule maskini ya kijijini, wala si mtoto wa mjini peke yake.

Sasa tutazame California. Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008, serikali ya jimbo ilipunguza fedha za chuo kikuu chake. Chuo nacho kikazidi kupokea wanafunzi wa kutoka nje, ambao ada yao hupita ya wakazi mara mbili na zaidi. Mwezi Machi 2016 Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo alitangaza kwamba uamuzi huo uliwadhuru vijana wakazi. Mwaka uliofuata wakuu wa chuo waliweka mpaka wa wageni 18 katika kila 100, lakini matawi yaliyokwisha upita yakaachwa yabaki na kiwango chao.

Wako wasemao kwamba elimu haina mipaka. Ni kweli, na chuo kisicho na mgeni hata mmoja hudumaa. Lakini mgeni aliyepokewa kwa akili yake ni mmoja, na mgeni aliyepokewa kwa mfuko wa baba yake ni mwingine.

Nasi tunalo la kukumbuka. Mwezi Oktoba 1961 chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilianza katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba. Kilizaliwa katika nyumba ya wananchi. Basi wanachama na wafanyakazi wajue kwamba haki ya mtoto wao chuoni hailindwi kwa kanuni peke yake, bali kwa fedha za umma zilizotengwa na kufika. Pale serikali inapoufunga mkono wake, chuo hutafuta mwenye fedha, na wa kwanza kubaki nje ya mlango ni mtoto wa yule aliyekijenga.