Boom limeingia, tumeanza kuuziwa pleya

Boom limeingia na kama kawaida hela zimeanza kuwasha watu mifukoni. Safari hii si viatu wala simu. Fasheni ya hosteli sasa ni pleya za muziki za mtumba, zile zinazoitwa "hai-rezi", na mabishano mpaka usiku wa manane kuhusu ipi ina sauti safi. Mshkaji wa chumba cha jirani katoa zaidi ya nusu ya boom lake kwa pleya moja, sasa anakula mlo mmoja kwa siku na hataki kusikia la mtu. Mimi nasema hivi, tena kwa herufi kubwa: TUNAPIGWA CHANGA LA MACHO.

Tuanze na huyo huyo jirani. Pleya yake anaisikiliza kwa hedifoni za bluetooth! Jamani. Kinachosifiwa kwenye pleya hizi ni chipu inayogeuza namba za faili kuwa umeme wa kusukuma hedifoni. Ukitumia bluetooth, chipu hiyo haiguswi kabisa. Pleya inaubana muziki upya, inaurusha hewani ukiwa bado ni namba, na kazi ya kuzigeuza inafanywa na chipu ndogo iliyomo ndani ya hedifoni. Yaani umelipia injini halafu gari unalifunga punda alivute.

Na nyimbo zenyewe? Zimetoka YouTube, zikageuzwa MP3, zikapita kwenye flashi za watu saba. Kuna mmoja anajisifu kazigeuza zote kuwa FLAC ili "zijae". Mimina lita moja ya maji kwenye pipa uone kama zitakuwa mbili. Kilichotupwa faili lilipobanwa hakirudi.

Najua nitaambiwa masikio yangu ni ya kijijini. Sawa, tuyaache masikio yangu. Mwaka 2014 mwanamuziki Neil Young alichangisha zaidi ya dola milioni 6 kwenye Kickstarter kwa ajili ya PonoPlayer, pleya ya dola 399 iliyosemekana ingetuokoa na MP3. Mwaka 2015 mwandishi David Pogue aliwasikilizisha watu 15 nyimbo zile zile kwenye Pono na kwenye iPhone, bila wao kujua ipi ni ipi. Pono haikushinda. Kufikia 2017 mradi ulikuwa umeshakufa.

Mwaka huo huo wa 2015 Sony nao walitoa memori kadi ya GB 64 kwa yeni 18,500, eti kwa ajili ya "sauti bora". Memori kadi! Namba ni namba, iwe kwenye kadi ya dhahabu au ya kuokota.

Mnaotaka sayansi, haya. Meyer na Moran walichapisha jaribio lao mwaka 2007: walichukua muziki wa hai-rezi, wakaupitisha kwenye kiwango cha CD ya kawaida, wakauliza watu wanasikia tofauti. Majibu sahihi yalikuwa 276 kati ya 554. Rusha sarafu utapata hivyo hivyo. Na nisiwafiche, mwaka 2016 Joshua Reiss wa Queen Mary, London, alijumlisha majaribio 18 akapata asilimia 52.3, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Haya, asilimia mbili na ushee juu ya sarafu. Kwa nusu ya boom?

Sisemi pleya zote ni sawa, msije mkanilisha maneno. Ukiwa na hedifoni nzito, za omu 300 kwa mfano, simu nyingi zitazisukuma kwa kuhema. Visikizi vinavyosikia mno vitakutolea mshindo kama wa mvua ya mbali kwenye pleya mbovu. Halafu kuna ukinzani wa tundu la pleya: mafundi wanataka usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, la sivyo visikizi vyenye spika nyingi ndani vinabadilika sauti, besi inapanda au inashuka bila wewe kugusa kitu. Hayo yanapimika. Lakini angalia bei ya kuyaepuka: ile waya fupi ya Apple ya USB-C, iliyouzwa dola 9 Marekani, wapimaji huru wameikuta uchafu wake uko karibu desibeli 100 chini ya muziki (kwenye baadhi ya simu za Android sauti hutoka ndogo, hilo lijue kabla hujanunua). Pesa inayobaki nunua hedifoni nzuri, tofauti utaisikia hata ukiwa na usingizi.

Sasa kwa nini kila mtu anaapa kwamba kasikia tofauti? Kwa sababu pleya moja ilikuwa juu kidogo. Desibeli moja tu, hutasema "hii ina kelele zaidi", utasema "hii ina uhai zaidi". Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Kwa hiyo nawasilisha hivi. Jumamosi saa nane mchana nipo kimbweta cha chini ya mwembe. Njoo na pleya yako, hedifoni ya waya, na wimbo unaoujua kama jina la mama yako. Watu wa umeme watakuja na mita, tutapiga mlio wa Hz 100 na kusawazisha volti za pleya yako na za simu yangu. Halafu unafungwa macho, mara kumi. Kwa kubahatisha tu, kupata tisa au zaidi ni nafasi 11 kati ya 1,024. Ukizipata, chipsi mayai kwangu wiki nzima. Jirani, wewe hasa nakusubiri, na uje umekula.