Saa za mashine pepe ziangaliwe



Nina dukuduku juu ya jambo ambalo wengi hudhani ni la mafundi peke yao, nalo ni saa za mashine pepe.

Kwa wasiofahamu, siku hizi ofisi hainunui kompyuta moja kwa kila kazi. Kompyuta moja kubwa hugawanywa kwa programu ikawa kama kompyuta kumi au ishirini, kila moja ikijiona ina nyumba yake. Hizo ndizo mashine pepe. Ile kubwa ni mwenyeji, na hizi ni wageni wake. Mpango huu hupunguza gharama, nami sina ugomvi nao.

Ugomvi wangu ni kwamba mgeni hana saa yake mwenyewe. Zamani alihesabu mapigo aliyoletewa na mwenyeji, na mwenyeji akizidiwa na kazi, mapigo yalichelewa au kupotea. Ni sawa na mtoto aliyepewa kazi ya kuhesabu madumu kisimani: akisinzia, yakipita matano, akiamka huendelea pale alipoachia. Siku hizi mifumo mingi humruhusu mgeni kuisoma saa ya mwenyeji, na kosa hilo limepungua sana. Lakini fundi akimsimamisha mgeni kwa matengenezo, au akimrudisha kwenye nakala ya jana, mgeni huweza kuamka na saa ya pale alipolala.

Hilo ndilo lililotupata mwaka 2023. Shirika moja, ambalo sitalitaja, lilitaka walimu tupeleke kwa mtandao majina ya watoto wanaohitaji sare na vitabu. Kuingia kulihitaji namba ya siri inayotengenezwa na simu kila baada ya sekunde 30. Simu huikokotoa namba hiyo kwa kufuata saa yake, na mashine nayo kwa kufuata yake; saa zikipishana mno, mlango haufunguki. Siku ya mwisho nilijaribu tangu alasiri hadi usiku, nikajibiwa kila mara kuwa namba yangu si sahihi, kana kwamba mimi ni mwizi! Baadaye tukaambiwa mashine pepe yao ilikuwa imesimamishwa, ikaamka ikiwa nyuma kwa dakika 7. Watoto wetu 23 walikosa.

Dawa ipo, tena haiuzwi. Mtaalamu David Mills, baadaye wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, alitoa mwaka 1985 utaratibu uitwao NTP, ambao kompyuta hulinganisha saa zake kupitia mtandao. Kwa hiyo udhuru wa fedha haupo.

Hata hivyo kuiweka programu na kuisahau hakutoshi. Ile iliyozoeleka, ikiamriwa isukume saa taratibu bila kuirusha, haiwezi kuzidi nusu ya milisekunde kwa kila sekunde. Dakika 7 ni sekunde 420. Zidisha mara 2,000 upate sekunde 840,000, yaani karibu siku 10. Darasa la saba wanaiweza hesabu hiyo. Na ikikuta tofauti imezidi sekunde 1,000, kwa kawaida yake hukata tamaa na kujifunga yenyewe. Mgeni aliyelala usiku kucha atabaki hivyo hivyo hadi fundi agutuke.

Kwa hiyo nawaomba wahusika, kila mashine pepe inapoamshwa, saa yake irekebishwe kwa mara moja kabla watu hawajafunguliwa mlango; kusukuma taratibu kufuate baadaye. Tena achaguliwe msimamizi mmoja wa saa. Wako wanaomwachia mwenyeji airekebishe na NTP nayo iirekebishe, na hao wawili wasipokubaliana saa huvutwa huku na huku. Mafahali wawili zizi moja, ndugu zangu?

Na itakapothibitika kwamba saa ya mashine ndiyo iliyokuwa mbovu, muda uongezwe kwa wote waliokataliwa siku ile, bila kuwataka waandike barua za kujieleza. Sisi tuliandika, na hadi leo hatujajibiwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa.