Tela la Tajiri, Kichwa cha Mnyonge

Gulioni Machochwe, wilayani Serengeti, wenye malori wamekuwa wakiulizana swali moja: je, mtu mwenye kichwa kimoja tu cha lori, aliyekipata kwa kuuza ng'ombe na kukopa kwa jamaa, akubali kuvuta matela ya kampuni kubwa ya uchukuzi? Wako wasemao kwamba hiyo ni riziki na riziki haikataliwi. Wako wasemao kwamba huo ni utumwa uliopakwa rangi mpya. Mimi naona pande zote mbili zina sehemu ya ukweli, na kwamba jambo hili halifai kuachiwa kelele za gulioni.

Msomaji wetu wa Ukerewe, Ukara au Irugwa huenda akauliza: sisi watu wa majini na matela wapi na wapi? Namwomba asiharakishe. Saruji na mabati ya nyumba yake hufika Kisorya yakiwa juu ya lori kabla ya kuvushwa kwa kivuko hadi Rugezi. Dagaa wake nao, wakishatua bara, hupanda lori kwenda masoko ya mbali. Kila shilingi inayopotea barabarani huongezwa katika bei anayotozwa dukani, au hupunguzwa katika bei anayolipwa mwaloni. Nauli ya bara hulipwa visiwani.

Tuutazame utaratibu wenyewe. Katika lori kubwa la siku hizi, kichwa ni chombo kimoja na tela ni chombo kingine. Kila kimoja kina namba yake na kadi yake ya usajili. Kwa hiyo yawezekana kabisa kichwa kiwe cha mtu mmoja na tela liwe la mwingine. Kampuni yenye matela mengi na wateja wengi humwita mtu mwenye kichwa na kumwambia: njoo na gari lako, dizeli yako na dereva wako, unga tela letu, fikisha mzigo, tutakulipa kwa safari. Mteja anabaki kuwa wa kampuni. Bei ya mteja inabaki kuwa siri ya kampuni.

Haifai kuyakana manufaa ya mpango huo. Tela ni mali ya gharama kubwa, na mtu aliyekwisha kutoa jasho lake lote kwa kununua kichwa hana uwezo wa kununua na tela mwaka huo huo. Zaidi ya hayo, adui mkubwa wa mwenye lori moja ni safari tupu. Anapeleka mahindi mjini, kisha anakaa siku nyingi akimsubiri dalali amtafutie mzigo wa kurudi, na dalali naye ana fungu lake. Kampuni kubwa ina mzigo wa kwenda na wa kurudi. Anayemwambia mwenye njaa asile chakula hicho, budi amwonyeshe chakula kingine.

Lakini nitoe ushuhuda nilioushuhudia mwenyewe. Shemeji yangu alikubali kazi ya namna hiyo kwa maneno ya mdomo, bila karatasi. Alikabidhiwa tela lililokwisha pakiwa, matairi yake mengine yakiwa vipara. Kabla hajafika nusu ya safari tairi mbili zilipasuka. Akanunua nyingine kwa fedha za masurufu, akijua kwamba atarudishiwa. Alipofika, akangoja siku tisa kushusha mzigo, na siku hizo hazikuhesabiwa na mtu yeyote. Malipo yake yalipotoka ilikuwa mwezi wa tatu, nayo yalikuwa yamekatwa bei ya zile tairi zilizopasuka, kwa hoja kwamba tela liliharibika likiwa mkononi mwake. Leo kichwa kile kimepandishwa juu ya magogo nyuma ya nyumba, na kuku hulala ndani yake.

Chuoni, tulipokuwa tukisoma Kurani, mwalimu wetu alitufundisha mapema kwamba deni huandikwa na hushuhudiwa, hata baina ya marafiki. Na wahenga wetu wakasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kosa la shemeji yangu halikuwa kuvuta tela la mwingine. Kosa lake lilikuwa kulivuta bila maandishi na akiwa peke yake.

Ndugu zetu wa visiwani hawahitaji kufundishwa somo hili, maana wamelisoma majini. Tangu viwanda vya minofu ya sangara viliposhamiri kandokando ya ziwa katika miaka ya 1990, wavuvi wengi wamekopeshwa nyavu na injini na mawakala. Mvuvi akishaipokea nyavu ile, hana tena uhuru wa kutafuta mnunuzi. Samaki ni wa yule aliyetoa nyavu, na bei ni ya yule aliyetoa nyavu. Jasho ni la mvuvi, hatari ya dhoruba ni ya mvuvi, lakini neno la mwisho si lake. Basi tela ni nyavu ya barabarani. Mwenye tela ndiye mwenye shehena, na mwenye shehena ndiye mpanga bei.

Tena jambo hili si la fedha peke yake. Ni la roho za watu. Kichwa chenye matairi 10 kikiungwa na tela lenye matairi 12, breki za upepo za vyombo vyote viwili hazina budi kufanya kazi pamoja. Breki za tela zikiwa mbovu, uzima wa kichwa hautoshi kuliokoa gari mteremkoni. Nani aliyekagua breki hizo? Nani atakayeulizwa ajali ikitokea? Vivyo hivyo kuhusu uzito. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo nchi yetu ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na kila ekseli ina kikomo chake. Mzigo hupangwa na watu wa kampuni ndani ya ua wa kampuni, lakini anayesimama mbele ya mizani ni dereva wa mnyonge.

Nchi nyingine zimekwisha kuyaona haya. Marekani, ambayo hakuna awezaye kuishutumu kwa kuuchukia utajiri, ina kanuni zinazoilazimu kampuni inayokodi gari la mtu pamoja na dereva wake kuandika mkataba. Malipo sharti yatoke ndani ya siku 15 baada ya hati za kufikisha mzigo kuwasilishwa. Amana aliyowekeza mwenye gari sharti irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kwisha. Na kama malipo ni asilimia ya nauli, mwenye gari ana haki ya kupewa nakala ya ankara. Tena mwaka 2008 serikali ya huko ilitoa kanuni kwamba wenye matela ya kubebea makontena ndio wenye wajibu wa kuyakagua na kuyatengeneza, wasimtupie mzigo huo dereva anayeyavuta. Ikiwa nchi ya mabepari imeona haja ya kumlinda mwenye gari moja, sisi tuliolelewa kwa mafundisho ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 tuna udhuru gani?

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa, pamoja na wa Ukerewe, walichoshwa na wanunuzi waliowapunja kwenye mizani. Hawakuacha kulima, wala hawakukaa wakilalamika. Waliungana, wakashika mizani yao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunda Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, Paul Bomani akiwa kiongozi wao. Ushirika ule baadaye ulipata maradhi yake, vyama vikuu vikavunjwa mwaka 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Lakini maradhi ya ushirika hayakuufuta ukweli kwamba mkulima mmoja hakuweza kumlazimisha mnunuzi, na wakulima wengi waliweza.

Kwa hiyo jibu langu kwa wenye malori wa Machochwe ni hili: vuteni, lakini msivute mmoja mmoja, wala msivute bila mkataba. Mkataba huo uyataje mambo haya waziwazi. Tela likaguliwe na pande zote mbili kabla ya kuungwa, na hali ya matairi na breki iandikwe. Matengenezo ya tela yawe juu ya mwenye tela, isipokuwa uharibifu uliothibitika kuwa wa dereva. Faini ya mizani ilipwe na aliyepakia. Siku za kungoja zilipwe. Bima itajwe ni ya nani na inamlinda nani. Tarehe ya malipo ijulikane kabla gari halijawashwa. Na sehemu ya mapato iwekwe katika chama, ili baada ya muda chama kinunue tela lake chenyewe.

Kampuni nazo zina malalamiko yao, na si yote ya uongo. Wako madereva wanaobadilisha matairi mapya ya tela kwa makuukuu, na wako wanaouza dizeli na hata mzigo. Mtu wa namna hiyo ni adui wa wenzake kabla hajawa adui wa kampuni. Chama chenye daftari la wanachama kitamjua na kitamtoa. Kampuni yenye akili itaona kwamba hiyo ni faida yake pia.

Kwa watendaji wa serikali nasema kwa heshima: msingoje ajali wala mgomo. Maofisa ushirika wawafuate wenye malori huko huko waliko na kuwasaidia kuandikisha chama. Wanasheria wa halmashauri waandae mfano wa mkataba kwa Kiswahili chepesi, ambao mtu wa Machochwe ataweza kuusoma mwenyewe kabla ya kutia sahihi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, inayotoa leseni za magari ya mizigo, iangalie iwapo kichwa na tela vyenye wenyewe wawili viruhusiwe kubeba mizigo bila maandishi baina yao.

Na kwenu ndugu wa visiwani: mwenye lori anayepunjwa leo ndiye atakayeshindwa kuwaletea saruji kesho, na mtakaponunua kwa bei ya juu msimlaumu yeye. Haki yake barabarani ni nafuu yenu dukani. Umoja uliomwokoa mkulima wa pamba kwenye mizani unaweza kumwokoa na mwenye kichwa kimoja cha lori.