Hadithi Haiishi Harusini

Najua mlikuwa mnangoja orodha ya vitabu vya mwezi huu. Itakuja, msijali. Lakini kuna hadithi moja imenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na leo lazima niitoe.

Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu. Nina miaka 22, chuo niliacha mwaka wa pili, na pesa yangu nyingi inaishia kwa wale jamaa wa inama pale katikati ya Nairobi, wanaotandaza vitabu vya mtumba kando ya barabara, unainama, unachagua. Na nikiinama, mkono wangu hauendi kwa riwaya nene zilizoshinda tuzo. Unaenda kwa hekaya. Majitu, falme, vikongwe wanaojua siri, wanyama wanaoongea. Watu hunicheka: "Mtu mzima na hadithi za watoto?" Mimi huwajibu kwamba kila kitu nilichowahi kuandika kimesimama juu ya mifupa ya hizo hadithi za watoto. Mtu anakosa kitu, anatoka nyumbani, anapata msaada ambao hakuutarajia, anafika. Hata zile vidio zetu za "nilikotoka" ni hekaya tupu, tumezivalisha hudi tu.

Ila kuna mahali hekaya nyingi hunikera. Zinaishia harusini. Binti mfalme ameolewa, ngoma zimelia siku saba, wakaishi raha mustarehe, kitabu kinafungwa, mtoto analala. Hata insha zetu za shuleni zilikuwa hivyo hivyo. Unaanza na majogoo kuwika, unapachika methali tatu za kumfurahisha mwalimu, mhusika wako anapita mtihani, anakuwa daktari, anawajengea wazazi nyumba ya mawe, tamati. Sikumbuki mwalimu hata mmoja akiuliza: huyu mtoto karo alilipiwa na nani? Na siku ya kufungua ile nyumba, huyo mlipaji alikuwa amekaa wapi?

Nichukue mfano ambao wengi mnaujua, yule paka mwenye buti. Mfaransa Charles Perrault aliichapisha hadithi yake mwaka 1697. Kijana maskini, kitinda mimba wa msagaji nafaka, anarithi paka peke yake. Paka anaomba buti na mfuko, anaanza kumpelekea mfalme zawadi za mawindo akisema zimetoka kwa bwana wake, mtu mkubwa sana. Siku moja anamwambia kijana aingie mtoni aoge, kisha anapiga mayowe kwamba wezi wameiba nguo za bwana wake. Mfalme anatoa nguo za kifahari. Jumba je? Paka anamwendea jitu lenye uwezo wa kujigeuza, analichokoza mpaka linajigeuza panya, analimeza. Kijana anaoa binti mfalme. Paka naye anakuwa mheshimiwa, na tangu siku hiyo akifukuza panya ni kwa kujifurahisha tu. Kila mtu ameshinda.

Sasa ngojeni niwape ya upande wetu huu.

Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Zanzibar, alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na Waswahili. Kiswahili ukurasa mmoja, Kiingereza ukurasa unaotazamana nao. Ni cha zamani kiasi kwamba hakimiliki yake iliisha kitambo, unakipakua bure, na mimi mtu wa bando la kuhesabu sikujivunga. Humo ndimo nilimokutana na Sultan Darai.

Kuna maskini anayeishi kwa kuparua jalalani akitafuta cha kutia mdomoni. Siku moja anaokota thumni, kasarafu kadogo. Badala ya kununua chakula, ananunua paa. Watu wanamcheka: mwenyewe hana cha kula, na huyo mnyama atamlisha nini? Kumbe paa anaongea. Anaomba ruhusa aende malishoni, huko anapata almasi, na badala ya kumletea bwana wake, anakimbia nayo hadi kwa Sultani wa mji wa mbali. Anasema imetoka kwa bwana wake, Sultan Darai, anayeomba kuoa. Kisha unakuja ujanja ule ule wa paka: bwana anaachwa mtoni bila nguo, paa anakimbia kusema ameporwa njiani, Sultani anatoa nguo na farasi. Harusi inafanyika. Jumba la kumweka bibi harusi? Paa anatangulia peke yake, anapambana na nyoka wa vichwa saba, anamuua, anachukua nyumba na mali yote.

Mpaka hapo ni kama hadithi moja imesimuliwa mara mbili. Mto kwa mto, jitu kwa nyoka, harusi kwa harusi. Mfaransa alifunga kitabu hapo. Msimulizi wa Zanzibar hakufunga.

Paa anaugua. Anamtuma bibi kizee wa pale nyumbani akamwambie bwana kwamba mwili wote unamuuma. Na huyu bwana, amekaa ndani ya nyumba ambayo paa aliipigania, anasema basi apikiwe uji wa mtama mwekundu. Nyumba imejaa neema, lakini mgonjwa apewe chakula duni kuliko vyote. Bibi kizee anashangaa. Mke anamsihi. Wapi! Mbona wamsumbue kwa ajili ya mnyama aliyemnunua kwa thumni? Paa anakufa, na ukisoma unaona wazi kwamba majonzi yalimmaliza kabla ya ugonjwa. Mzoga unatupwa kisimani. Kisha usiku mmoja mke anaota yuko kwa baba yake; anaamka, yuko kwa baba yake kweli. Mume anaota anaparua jalalani. Anaamka, yuko jalalani anaparua.

Nilipomaliza niliweka simu chini nikatazama ukuta. Na kilichoniumiza hakikuwa kisima wala jalala. Ulikuwa ni ule uji. Ukatili wa mtu aliyeshiba huwa mdogo mdogo hivyo. Angempiga paa ningemchukia tu kama mhusika mbaya wa hadithi nikaendelea na maisha. Lakini kumpikia uji wa bei rahisi, halafu kujiambia kwamba si umemsaidia? Huyo mtu namjua. Amevaa viatu vyangu.

Niwaambie ukweli. Mwezi wa Januari niliposti vidio ya dakika tatu: jinsi nilivyoacha chuo, nikaanza kontenti ya vitabu na simu yenye kioo kilichopasuka, na sasa najilipia nyumba. Mliipenda sana. Hakuna kitu changu kingine kimewahi kufika alipofika huyo mtoto. Ndani yake kuna sentensi hii: "Sikuwa na mtu, nilikuwa mimi na simu yangu."

Ile simu nilinunuliwa na kaka yangu.

Kaka yangu ni mtu wa boda kule nyumbani. Karo ya ile miaka miwili ilitoka kwenye kiti cha pikipiki yake, mia kwa hamsini, mvua kwa jua. Nilipompigia kumwambia chuo nimeacha, alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika. Kisha akasema, "Basi hicho unachotaka kufanya, kifanye vizuri." Mwezi uliofuata akanitumia simu kwa matatu, mtumba, imefungwa ndani ya soksi isigongwe.

Kwenye rasimu ya kwanza ya ile vidio alikuwepo. Nilimkata mimi mwenyewe, na nilikuwa na sababu nzuri ya kiufundi: hadithi inakimbia haraka zaidi mhusika akiwa peke yake. Watu wanapenda shujaa aliyepigana pekee. Sikudanganya kila kitu, nilihariri tu.

Na kuhariri si dhambi mpya. Wale ndugu wawili Wajerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, walitoa mkusanyiko wao wa kwanza mwaka 1812. Humo, anayetaka Snow White auawe ni mama yake mzazi. Kufikia toleo la 1819 amekuwa mama wa kambo. Mama mzazi muuaji alikuwa mzigo mzito kwa wasomaji, akaondolewa, na mama wa kambo wa dunia nzima wakabebeshwa kesi ambayo haikuwa yao. Kila ukihariri mtu kwenye hadithi, kuna mahali fulani mtu mwingine analipa. Grimm walimtoa mama kwa sababu alichafua hadithi. Mimi nilimtoa kaka kwa sababu alipunguza ushujaa wangu.

Kaka aliitazama. Alinitumia ujumbe: "Vidio iko sawa. Umeongea vizuri." Basi.

Miezi miwili baadaye akapiga. Klachi ya pikipiki imekufa, fundi anataka 3,500, siku hiyo hajaingiza hata shilingi. Pesa nilikuwa nazo, wasee. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimenunua taa ya kurekodia. Nikamtumia mia tano na maneno: "Mambo magumu bro, vumilia." Akajibu, "Asante sana dogo. Mungu akuongeze."

Mia tano. Na jioni hiyo nilijiona mtu mwema kabisa.

Ndiyo maana ile hadithi ya Zanzibar ilinigonga vile. Nilimpigia usiku uleule. Nikamtumia iliyobaki, ingawa alikuwa ameshakopa kwenye chama chao cha stejini na pikipiki ilikuwa barabarani tayari. Nikamsimulia yote, kuanzia thumni mpaka jalalani. Alisikiliza vizuri, kisha akacheka, akaniuliza, "Sasa huyo paa, hakuwa na pembe?"

Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Turudi kwenye uandishi, maana najua wengi wenu mnaandika na mnanitumia hadithi zenu nizisome. Huu ndio msimamo wangu. Hekaya zinatufundisha kuandika vizuri sana njia ya kupanda, lakini zile zinazoishia harusini zinatudanganya kuhusu gharama. Ukimaliza rasimu yako na shujaa amefika, usiweke tamati hapo. Andika kesho yake asubuhi. Nani ameamka wa kwanza? Nani anapika? Yule aliyemwonyesha njia, amelala chumba gani? Mara nyingi hadithi yako halisi inaanzia hapo, na zile kurasa kumi za mwanzo zilikuwa utangulizi tu.

Pili, mpe msaidizi haja yake. Wasaidizi wa hadithi zenu wengi ni kama ATM: wanatokea, wanatoa, wanapotea. Paa wa Zanzibar anataka kitu kimoja tu, kwamba siku akiumwa mtu aje amwone. Ni haja ndogo sana, na ndiyo inayoivunja nyumba nzima.

Tatu, mafunzo yaweke ndani ya kitu kinachoshikika. Ungeweza kumaliza kwa kutuambia fadhila ya punda ni mateke, tungetikisa kichwa na kusahau. Bakuli la uji hatulisahau.

Najua kuna watakaonipinga. Rafiki yangu mmoja anayewasomea watoto kanisani aliniambia, "Maisha yenyewe magumu, unga wenyewe unapanda, acha watu walale na mwisho mtamu." Namwelewa. Hata mimi kuna usiku nataka paka avae buti na kila mtu ashinde. Lakini angalieni, Sultan Darai haikunyimi ndoto. Inakupa almasi, farasi, nyoka wa vichwa saba, harusi, jumba. Unaota mpaka unachoka. Inachokataa ni kukuruhusu usahau nani aliyekubeba. Na watoto wanalijua hilo kuliko sisi. Mtoto ndiye huuliza, "Na paa alienda wapi?" Mtu mzima ndiye husema, "Lala sasa."

Na hadithi zetu za mafanikio huku mtandaoni zote zimeumbwa kama ya paka. Nilikuwa chini, nikapambana, nimefika, nunueni kozi yangu. Dada aliyekwenda kufanya kazi za nyumba Uarabuni hayumo. Mama mboga aliyekopesha sukuma muhula mzima hayumo. Wamekatwa kwenye uhariri ili tukimbie haraka. Halafu mtoto wa kidato cha nne anaitazama usiku, anajilinganisha na sisi, anajiona mjinga kwa sababu yeye anahitaji watu.

Ile vidio yangu bado iko. Nilitaka kuifuta, nikaona inalipa nusu ya kodi ya nyumba, nikaiacha. Mnaweza kunisema, ni haki yenu. Nimebandika maelezo juu yake kwamba simu ilitoka kwa kaka yangu. Ni sentensi moja chini ya dakika tatu za uongo, haitoshi, najua.

Kwa sasa naandika hadithi mpya. Nimeianzisha siku ya pili baada ya harusi, nyumba ina mabaki ya pilau, wageni wanaondoka, na paa analala uani kwa sababu vyumba vyote vimejaa. Huyu wangu ana pembe. Nimefika ukurasa wa sita na bado sijajua kama atazitumia.

Na wewe unayesoma, paa wako ni nani, na mara ya mwisho ulimpikia nini? Niambie, nasoma zote.

Orodha ya vitabu, Ijumaa.