Mpelelezi Wetu Anakaa Barazani

Kila ikifika Desemba, wale ndugu zetu wa orodha za "vitabu vya kusoma likizo" wanaamka. Safari hii nimemwona mmoja anawashauri watu wapumzike na Nagona ya Kezilahabi. Jamani! Nagona ni kitabu kikubwa, sibishani. Lakini mtu kabaki Mbagala tarehe 26 Desemba, joto linampika, jirani kaweka spika dirishani, tumbo limejaa pilau, halafu unamtuma akatafute maana ya kuwepo duniani? Mwacheni. Anataka maiti moja, washukiwa sita, na mtu mmoja mwenye akili wa kumwambia nani kafanya.

Hadithi ninazozitetea ni zile za upelelezi ambazo mpelelezi wake si polisi wala jasusi. Hana bastola, hana kitambulisho. Ana macho na muda tu. Mtu anauawa, ndiyo, ila damu haimwagwi ukurasani, na wote unaowashuku wanakaa sehemu moja na wanajuana. Waingereza wamezifanya kuwa za sikukuu kabisa. Wachapishaji wa Agatha Christie walikuwa wakitangaza kitabu chake kipya kama kitabu cha Krismasi. Miss Marple wake, yule bibi wa kijijini mwenye sindano za kufumia, tangu riwaya ya 1930 anawashinda polisi kwa sababu anawajua majirani zake. Hapa Dar wapo wanaozisoma hizo kwenye simu, wa Tegeta na wa Chamazi, theluji inaanguka kwenye kioo huku wao wanajipepea kwa daftari. Sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na wanaodhani kwamba hiki ni chakula cha kuagiza nje, na wale wengine wanaodhani si chakula kabisa.

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapwa 1960. Kabla ya kuingia kwenye magazeti alikuwa mkaguzi katika idara ya afya, kazi ya kuingia nyumba za watu na kutazama kila kona. Ndiyo kazi anayoifanya Bwana Msa wake. Kiko mdomoni, rafiki yake Najum pembeni, anauliza maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Likafuata Kisima cha Giningi 1968, kisha Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na vingine, hadi Kosa la Bwana Msa 1984. Riwaya za maisha ya mtu mzima hizo, siyo za kupitishia muda kituoni.

Wasomi wetu wakifika hapo wanasema mawili. La kwanza, kwamba Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyehamia Unguja. Sawa, babu yake ni Holmes, kwani nani hana babu? La pili ni lile neno lao, "fasihi pendwa". Kwa maana ya maneno ni fasihi inayopendwa, lakini wanavyolitamka utadhani wanataja ugonjwa. Kitabu kikipendwa basi kimekwisha, hakina fikra.

Haya, tuitazame fikra. Katika Mzimu wa Watu wa Kale mtu anakutwa ameuawa mzimuni. Jibu lipo tayari kabla mtu hajauliza: ni mizimu. Bwana Msa halikubali jibu la bure. Anatafuta binadamu mwenye mikono na sababu. Jina la kitabu cha pili nalo linatupeleka Giningi, ambako masimulizi ya visiwani yanasema ndiko wachawi wanakokutana. Yaani tangu mwanzo mwandishi huyu alikuwa anapigana na tabia moja: kumpata mwenye hatia kwanza, ushahidi baadaye.

Tabia hiyo mnaijua. Nyumba ya kupanga Tandika, vyumba sita, korido moja, choo uani. Mkesha wa Krismasi simu ya mtu inapotea. Nani anashikwa? Dada wa kazi. Hakuna aliyeuliza nani alikuwa wapi, nani kapita koridoni umeme ulipokatika. Begi lake linamwagwa uani mbele ya watoto. Akikataa, anatajwa mganga. Akiwa ni kijana wa kiume asiye na ndugu mtaa ule, inatosha mtu mmoja kupiga kelele "mwizi!", na magazeti yetu yana jina la adabu kabisa kwa kinachofuata: "wananchi wenye hasira kali". Sisemi riwaya inazuia tairi na petroli. Nasema msomaji aliyezoea kushuku kurasa 150, akamshuku asiye na hatia mara tatu na kila mara akaumbuka, amefanya zoezi ambalo mtaa wetu haulifanyi.

Holmes mwenyewe analo la sikukuu. Katika kisa cha 1892 cha kito cha buluu kilichokutwa ndani ya bata bukini wa Krismasi, polisi wameshamkamata fundi wa mabomba. Kwa nini yeye? Aliingia chumbani kufanya kazi, na aliwahi kufungwa zamani. Basi. Badilisha fundi weka dada wa kazi, badilisha bukini weka kuku wa kienyeji, uko Mtoni.

Sasa nigeukie waandishi wetu. Baada ya Bwana Msa tulipata Willy Gamba wa Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Nimewasoma wote, vingine kwa mwanga wa simu. Enzi zile za vita vya ukombozi kusini mwa Afrika, jasusi mwenye bastola alikuwa na kazi ya maana. Lakini hadi leo kila kijana anayeandika upelelezi kwa Kiswahili anaanza na bastola, hoteli ya kifahari na mrembo asiyeaminika. Wewe unakaa Bunju, bana! Hoteli hiyo umeiona lini?

Na huku uswahilini ndiko hadithi hizi zinakotaka kuishi. Waingereza inabidi wawafungie watu ndani ya jumba kwa theluji ili wajuane. Sisi tunashea ukuta, tunashea LUKU, na tunajua nani hakuchangia. Mjumbe wa nyumba kumi anajua mgeni wa nani kalala wapi. Mama ntilie anajua nani ameanza kula nyama katikati ya mwezi. Fundi cherehani anajua kiuno cha nani kimeongezeka na tangu lini. Hawa wote ni Miss Marple, hawajapata mwandishi tu.

Wachapishaji nao wanisikie. Bwana Msa arudi sokoni kwa jalada la kisasa, awahi kabla ya tarehe 9 Desemba, maana kuanzia Uhuru hadi Mapinduzi tarehe 12 Januari watu wana muda na hawana pa kwenda. Nimechoka kumtafuta kwenye vitabu vya mitumba vilivyomwagwa chini pale Posta, nakala haina kurasa mbili za mwisho, na mnajua kurasa mbili za mwisho zina nini.

Kwa mwandishi kijana asiyejua aanzie wapi, nampa mwanzo, sidai chochote. Mangi amefunga duka, ameenda Moshi tangu tarehe 20. Kufuli liko mlangoni, halijavunjwa. Mkesha wa Krismasi, saa tano usiku, watoto watatu wa nyumba tofauti wamerudi kwao na soda za baridi, na wote wanaapa wamezinunua pale pale dukani kwa Mangi.