Hesabu ya Mkeka

Kila mwisho wa mwezi wafanyakazi wanapopokea mishahara, vibanda vya kubeti navyo hujaa watu. Wengine hawafiki hata kibandani; fedha huzituma kwa simu wakiwa kazini. Hatuandiki leo ili kuwakaripia. Jasho ni la mfanyakazi mwenyewe, na michezo hii imeruhusiwa na sheria ya mwaka 2003, iliyounda Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Twaandika kwa kuwa mtu anayetoa fedha yake ana haki ya kujua anauziwa nini, na twaona kwamba wengi hawajui.

Mkeka ni orodha ya mechi. Mchezaji hutabiri matokeo ya kila moja, na hulipwa iwapo zote zimekwenda kama alivyosema. Ikikosa moja tu, mkeka umechanika. Jambo hili ni somo la hisabati linalofundishwa katika shule zetu za sekondari, yaani uwezekano wa matukio yanayotakiwa kutokea pamoja. Kanuni yake ni fupi: matukio yasiyotegemeana yakitakiwa yatokee yote, uwezekano wake haujumlishwi, bali huzidishwa. Na nusu ikizidishwa kwa nusu huwa robo.

Mtu akirusha sarafu, nafasi ya kupata kichwa ni 1 kati ya 2. Akitaka kichwa mara mbili mfululizo, nafasi ni 1 kati ya 4. Mara tatu, 1 kati ya 8. Mara kumi, 1 kati ya 1,024. Mkeka wa mechi kumi zenye nafasi nusu kwa nusu ni sarafu hiyo hiyo. Msomaji atatujibu kwamba yeye aujua mpira, wala harushi sarafu. Vema. Tumkubalie kwamba hupatia mechi 8 katika kila 10, na huo ni ustadi mkubwa. Hata hivyo, mkeka wake wa mechi kumi utafaulu takriban mara 11 tu katika mikeka 100.

Lakini jambo zito zaidi limo katika malipo. Kwa mechi ya nusu kwa nusu, malipo ya haki ni mara 2 ya fedha iliyowekwa. Kampuni haiwezi kulipa hivyo, kwani isingepata kitu. Tuseme basi inalipa mara 1.9. Katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwa mechi moja, shilingi 950 hurejea kwa wachezaji kwa wastani, na kampuni hubaki na 50. Wachache watalalamika kwa hilo.

Sasa tuunganishe mechi kumi za namna hiyo. Mchezaji huahidiwa shilingi 613,000 kwa shilingi 1,000 yake, na macho yake hung'aa. Haoni kwamba malipo ya haki yangalikuwa 1,024,000. Katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwa mikeka ya jinsi hii, zinazorejea kwa wachezaji ni kama 600 kwa wastani, na kampuni hubaki na 400. Kama vile uwezekano unavyozidishwa, ndivyo na ukato wa kampuni unavyozidishwa. Hakuna aliyemlazimisha mchezaji. Kila mechi aliyoiongeza kwa mkono wake imekatwa tena. Ndiyo maana mkeka mrefu husifiwa sana katika matangazo.

Tena kuna jambo linalowadanganya wengi. Katika mkeka huo wa mechi kumi, nafasi ya kupatia 9 na kukosa 1 ni 10 kati ya 1,024. Kwa hiyo kwa kila mshindi mmoja, wapo kumi waliokosa kwa mechi moja. Hao kumi husema, "Nilikaribia," na kesho hurudi. Kukaribia huko si dalili ya ushindi ujao. Ni sehemu ya hesabu ile ile, na mechi za kesho hazikumbuki za leo.

Wako watakaosema kwamba Serikali hupata kodi katika biashara hii, na vijana hupata kazi vibandani. Ni kweli. Lakini kodi haipungukiwi heshima kwa kutozwa mtu anayejua anachokinunua. Twaona yafaa kila mkeka uandikwe waziwazi, kwa Kiswahili, ni shilingi ngapi katika kila 1,000 zinazotarajiwa kubaki kwa kampuni. Mwenye duka hutakiwa kupima sukari kwa mizani ya kweli. Kwa nini muuza mikeka asitakiwe?

Shule nazo zina wajibu. Katika mitihani ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, 2023 na 2024, waliofaulu Hisabati hawakufika theluthi moja ya watahiniwa. Mtoto husoma uwezekano kwa Kiingereza, kwa mifano ya dadu ambayo pengine hajapata kuishika, kisha hutoka darasani akapita mbele ya kibanda bila kutambua kwamba lile ndilo somo lenyewe. Mwalimu na auweke mkeka ubaoni, auzidishe mbele ya wanafunzi, nao wajionee.

Kwa wanachama na viongozi wa matawi twasema hivi: hesabu hii haihitaji mtaalamu. Yaweza kufanywa katika mkutano wa tawi au saa ya mapumziko kiwandani, kwa kalamu na karatasi. Na baada yake ifanywe nyingine: shilingi 1,000 kila siku kwa mwaka mmoja ni shilingi 365,000. Fedha hiyo ikiwekwa katika chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi, mwisho wa mwaka itakuwapo yote.